Pima Boksi Kwanza, Bei Baadaye

Kikapu cha ukindu kilichopo juu ya meza ninapoandika makala haya kina uzito wa gramu 900, mishikio yake miwili ikiwemo. Nikikitia ndani ya boksi kama kilivyo na kukipeleka kwa kampuni ya vifurushi vya haraka, nitatozwa nauli ya kilo 13. Mzani haujakosea, wala karani wa kaunta hajanionea. Kilo zile ni za boksi.

Hesabu yenyewe ni hivi. Kwa mizigo ya ndege inayovuka mipaka, kampuni kama DHL, FedEx na UPS huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, kisha hugawa kwa 5,000. Jibu huitwa uzito wa ujazo. Mteja hulipia ule ulio mkubwa, uwe wa ujazo au wa mzani. Kikapu changu, kikiwa kimesimama, kinataka boksi la sentimita 40 kila upande. Arobaini mara arobaini mara arobaini ni 64,000. Gawa kwa 5,000, unapata kilo 12.8, nazo husogezwa juu hadi nusu kilo inayofuata. Nafasi ndani ya ndege ni chache, na anayesafirisha hewa anailipia.

Mauzo mengi ya kwanza ya nje yanakufa hapo. Muuzaji amepiga picha nzuri, ameweka bei kwa kujumlisha ukindu, rangi, ujira wa msusi na faida kidogo, halafu pale panapouliza nauli amebahatisha. Mteja wa Toronto analipa usiku. Asubuhi muuzaji anafika kaunta na kuambiwa nauli imezidi bei ya kikapu mara kadhaa. Sasa achague: atume kwa hasara, au amrudishie mteja pesa yake na asubiri kuandikwa vibaya kwenye ukurasa wa duka.

Ajabu ni kwamba ujazo si somo geni kwetu. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeleta mzigo kutoka Guangzhou anaijua CBM, yaani mita za ujazo, kuliko anavyoijua namba ya simu ya shemeji yake. Atamwamuru msambazaji avitoe viatu kwenye maboksi yake ya karatasi, avibane, avijaze hadi pembeni, kwa sababu anajua kila pengo ndani ya kontena ni pesa yake. Mtu huyo huyo akianza kuuza nje kwa rejareja, anarudi kwenye mzani wa jikoni na kushangaa kwa nini bili imemzidi.

Ninavyoona mimi, tatizo linaanza mapema kuliko kaunta. Wengi wetu tunaichukulia nauli kama jambo la mwisho, la kushughulikiwa bidhaa ikishauzwa. Kwa anayeuza nje nauli ni sehemu ya bidhaa, sawa na uzi na rangi, na inafaa ifikiriwe kabla msusi hajaanza kitako.

Turudi kwenye kikapu. Ukindu laini hukubali kukunjwa, na vyondo vya katani vya Kenya ni vivyo hivyo. Unasukuma kitako kiingie ndani, unalaza mishikio juu yake, unakandamiza kwa viganja hadi kikapu kilale bapa, unafunga kwa kamba ya pamba na kukizungushia karatasi. Kikapu changu kilipolala hivyo kiliingia kwenye boksi la sentimita 42 kwa 38 kwa 8. Ujazo wake ni kilo 2.55, yaani kilo 3 kwenye risiti. Kutoka 13 hadi 3, na kikapu ni kile kile. Mteja akikipokea anakinyunyizia maji, anakijaza magazeti au taulo, anakiacha kikauke kwenye hewa, nacho kinarudia umbo lake. Maelezo hayo yaandikwe kwenye kikaratasi na kuwekwa ndani, tena yawepo pia kwenye ukurasa wa bidhaa, maana mtu aliyeona picha ya kikapu kilichosimama akafungua boksi na kukuta kitu kama chapati atadhani ametapeliwa. Na kikapu kikauke kabisa kabla ya kufungwa. Ukindu wenye unyevu ukikaa wiki mbili ndani ya plastiki huota ukungu, na hapo utakuwa umelipa nauli ya kupeleka uozo.

Kulala bapa kuna faida nyingine kubwa zaidi: kunafungua mlango wa posta. Kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, kifurushi kidogo ni kile kisichozidi kilo 2, ambacho urefu, upana na kimo vikijumlishwa havizidi sentimita 90, na upande mmoja hauzidi sentimita 60. Chukua 42, jumlisha 38, jumlisha 8: unapata 88. Kimeingia. Posta nayo kwa kawaida hupima kwa mzani, kwa hiyo hapo kikapu, boksi na karatasi vyote ni kama kilo moja na kidogo. Sentimita tatu zaidi na kingekuwa kitu kingine kwa bei nyingine. Ndiyo maana nasema futi ya kupimia iwe karibu na msusi kabla kikapu hakijafika kwa karani.

Vikapu vigumu havikubali mchezo huo. Vikapu vya milulu vya Iringa, vyenye kuta zinazosimama zenyewe, ukivikunja unavivunja. Dawa yake ni kuvisuka kwa saizi zinazoingiana, kikubwa kikimeza cha kati, cha kati kikimeza kidogo. Boksi lile la sentimita 40 litabaki na kilo zake 13, ila sasa limebeba vikapu vitatu, na kila kimoja kimebeba mzigo wa kilo nne na ushei. Vikapu vya namna hiyo viuzwe kwa seti tu. Anayetaka kimoja aambiwe kwa upole kwamba kimoja hakisafirishwi.

Picha za Tingatinga zina hadithi yake. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Oysterbay, Dar es Salaam, mwaka 1968, alichora juu ya mbao ngumu za viwandani kwa rangi ya mafuta inayong'aa. Ubao haukunjwi. Waliomfuata walipohamia kwenye turubai, picha ikaweza kuviringishwa. Picha ya sentimita 60 kwa 80 iliyotundikwa kwenye fremu, ikifungwa kwa boksi la 80 kwa 60 kwa 6, ina ujazo wa kilo 5.76. Ivue fremu, iviringishe ndani ya bomba la karatasi ngumu lenye urefu wa sentimita 70 na kipenyo cha 10, ujazo unashuka hadi kilo 1.4. Posta nayo ina kanuni yake ya mabomba: urefu ukijumlishwa na kipenyo mara mbili usizidi sentimita 104, na urefu peke yake usizidi 90. Rangi ielekee nje, isielekee ndani kama wengi wanavyofanya, kwa kuwa ikiviringishwa kwa ndani inabanwa na kukunjamana. Juu yake ilazwe karatasi laini isiyonata. Picha iliyochorwa wiki hii isisafiri wiki hii.

Mpingo ni kinyume cha kikapu. Mti wenyewe huzama majini, kwa hiyo kinyago kidogo tu kinaweza kuwa na kilo kadhaa, na mzani ndio utakaosema. Mpingo pia umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu Januari 2017, ingawa bidhaa zilizokamilika zenye mbao zisizozidi kilo 10 kwa shehena zililegezewa masharti mwaka 2019. Muulize afisa misitu kabla hujamwahidi mteja. Kanga sina haja ya kuieleza sana: inakunjwa, haivunjiki, haiozi, na inaingia kwenye bahasha. Anayeanza leo kuuza Muscat au London aanze na kanga.

Sasa ni nani abebe? Posta ni rahisi na ni ya polepole. Kampuni za haraka ni ghali na zina mikono miwili: mmoja unakutoza nauli, mwingine unakutoza nyongeza ya mafuta inayobadilika kila mara, nyongeza ya anwani za mbali, na kwa mpokeaji, ada ya kumlipia ushuru forodhani kabla hajaufikia mzigo. Kipimo changu ni thamani. Bidhaa ya dola 40 iende posta, lakini kwa huduma iliyosajiliwa au EMS, ile ya haraka ya posta, yenye namba ya kufuatilia. Bidhaa ya dola 200 iende kwa kampuni ya haraka, na bima juu. Kutuma bila namba ya kufuatilia ni kucheza kamari, maana mteja akidai hajapokea, na wewe huna ushahidi, masoko ya mtandaoni humrudishia pesa yake kutoka mfukoni mwako.

Bei za posta nazo zimekuwa zikipanda, na sababu yake haiko Dar es Salaam wala Nairobi peke yake. Umoja wa Posta Duniani ulianzishwa Bern mwaka 1874, na kwa karibu miaka mia moja kila posta ilibaki na pesa ya stempu iliyouza na kusambaza barua za wenzake bure. Mkutano wa Tokyo wa 1969 ndio ulioanzisha malipo kutoka posta inayotuma kwenda posta inayopokea. Mwaka 2018 Marekani ilitangaza kwamba itajitoa kwenye Umoja, ikilalamika kuwa inasambaza vifurushi vya wengine kwa bei ya kutupa. Mkutano wa dharura wa Geneva, Septemba 2019, ukaituliza kwa kuiruhusu kujipangia bei yake kuanzia Julai 2020. Lalamiko lilikuwa juu ya mizigo ya China, lakini mlango ukifungwa hauangalii nani yuko nje.

Hapo ndipo mtu anaponiuliza: si bora niandike tu "nauli bure" na kuificha ndani ya bei? Desturi hiyo ilikuzwa na Amazon ilipoanzisha Prime mwaka 2005, na mwaka 2019 soko la mtandaoni la Etsy nalo likaanza kuwapa nafasi ya mbele kwenye utafutaji wa Marekani wauzaji wasiotoza nauli kwa manunuzi ya dola 35 na zaidi. Kwa muuzaji aliye Ohio anayetuma Texas, sawa. Kwa aliye Lushoto, nauli bure ni mtego, na sababu zake hazionekani upesi.

Ya kwanza ni mteja mzuri kuliko wote, yule anayenunua vitatu. Tuseme kikapu ni dola 40 na nauli yake 30, ukaandika 70. Anayetaka vitatu anaona 210, ndani yake umemtoza nauli tatu, wakati vitatu vikilazwa pamoja nauli yake haifiki 90 hata kidogo. Anaondoka, na hajui kwamba ulikuwa na nafasi ya kumpunguzia. Andika nauli ya kitu cha kwanza, kisha nyongeza ndogo kwa kila kinachoongezeka. Masoko karibu yote ya mtandaoni yana sehemu ya kujaza hivyo, na wengi huiruka.

Ya pili ni forodha, na hii sijaisikia ikizungumzwa vya kutosha. Umoja wa Ulaya una mpaka wa euro 150, Uingereza ina wa pauni 135. Chini ya hapo kodi ya ongezeko la thamani inaweza kukatwa pale pale mtandaoni mteja anapolipa, na kifurushi kinapita bila mzunguko mrefu. Juu ya hapo ni tamko kamili la forodha, ushuru, na mara nyingi ada ya wakala. Mpaka huo hupimwa kwa thamani ya bidhaa yenyewe, bila nauli, ilimradi nauli imeonyeshwa peke yake kwenye ankara. Seti ya vikapu ya euro 120 yenye nauli ya euro 45 iko chini ya mpaka. Seti hiyo hiyo ikiandikwa euro 165, nauli bure, imeuvuka. Marekani vilevile hukokotoa ushuru kwa bei ya bidhaa bila nauli ya kimataifa, lakini nauli iliyozikwa ndani ya bei, karani wa forodha ataijuaje? Kwa kumfanyia mteja hisani ya jina, umemwongezea kodi.

Nauli ionekane, basi. Na ikionekana isiwe ile ile uliyoambiwa kaunta, kwa kuwa soko nalo linakula humo. Etsy hukata asilimia 6.5 ya jumla yote anayolipa mnunuzi, nauli ikiwemo; eBay nayo hukokotoa ada yake juu ya jumla. Ukiandika dola 30 kamili, karibu dola mbili zinaondoka kabla hujanunua hata gundi ya karatasi, na mkataji wa malipo bado hajafika. Iwe umefungua duka mwenyewe au ndugu yako wa Leeds ndiye aliyelisajili, makato hayo ni yale yale. Andika 33 au 34, ukijumlisha na boksi, karatasi na nauli ya bodaboda ya kufika posta. Biashara asubuhi, jioni mahesabu, na hayo ni mahesabu ya jioni yanayofanywa asubuhi.

Kodi za huko zimebadilika mno ndani ya miaka michache, kiasi kwamba ushauri wa 2019 leo ni hatari. Uingereza iliondoa msamaha wa kodi kwa vifurushi vya hadi pauni 15 tarehe 1 Januari 2021. Ulaya ikaondoa wake wa euro 22 tarehe 1 Julai mwaka huo, na Desemba 2025 nchi wanachama zikakubaliana kuongeza ushuru wa euro 3 kwa bidhaa za vifurushi vilivyo chini ya euro 150 kuanzia Julai 2026. Pigo zito lilitoka Marekani. Tangu 2016 kifurushi chenye thamani isiyozidi dola 800 kiliingia huko bila ushuru. Tarehe 29 Agosti 2025 msamaha huo ulisitishwa kwa nchi zote, posta za nchi nyingi zikaacha kupokea mizigo ya Marekani kwa kuwa hazikujua nani akusanye ushuru na vipi, na Umoja wa Posta Duniani ukasema mizigo ya posta iendayo huko ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80 siku hiyo ikilinganishwa na wiki moja kabla.

Kwa hiyo swali la kumjibu mteja wazi ni moja: ushuru unalipwa na nani? Kuna njia ya muuzaji kuulipa mapema kupitia kampuni inayobeba, na kuna njia ya mpokeaji kuulipa mlangoni. Ya kwanza ni ghali kidogo na ya amani. Ya pili ni rahisi, mpaka siku mteja anapodaiwa pesa asiyoitegemea, akakataa mzigo, nao ukarudi kwa nauli yako au ukateketezwa. Ukichagua ya pili, iandike kwenye ukurasa wa bidhaa, isiwe kwenye masharti ya chini ambayo hayasomwi na mtu.

Wapo wateja watakaokuomba, "Andika ni zawadi, au andika dola 10." Usikubali. Msamaha wa zawadi ni wa mtu na mtu, hauhusu kitu kilichouzwa, na kudanganya forodha ni kosa. Halafu kuna hesabu ya kawaida: mzigo ukipotea, bima inalipa thamani uliyoandika. Utapata dola 10 zako. Kwenye fomu ya forodha eleza kitu chenyewe: kikapu kilichosukwa kwa mkono kwa majani ya mkindu, gramu kadhaa, thamani kadhaa, na namba yake ya ushuru, ambayo kwa kazi za kusuka huanzia na 4602 na kwa picha zilizochorwa kwa mkono huanzia na 9701. Neno "sanaa" peke yake halimsaidii ofisa yeyote, na kifurushi kisichoeleweka huwekwa pembeni. Bidhaa za majani na mbao huweza kudaiwa cheti cha afya ya mimea. Tanzania kinatolewa na TPHPA, Kenya na KEPHIS. Australia ni wakali kwa hilo kuliko wengi, na anayeanza biashara anaweza kuiacha Australia kwa sasa bila kujutia.

Kuna pia njia yetu ya siku zote, ya kumpa msafiri. Binti wa jirani anaruka Jumamosi, ana nafasi ya kilo tano kwenye sanduku. Kwa zawadi ya shangazi haina neno. Kwa bidhaa iliyouzwa ni mzigo wa biashara uliojificha kwenye nguo za mtu, na akisimamishwa uwanja wa ndege ni yeye atakayejieleza. Zaidi ya hapo, duka haliwezi kumwambia mteja wa Berlin asubiri hadi mtu wa kwetu apate likizo.

Ziandike nauli za bidhaa zako zote kwenye jedwali moja, na ulirekebishe kila baada ya miezi michache, maana mafuta na dola haviko palepale. Kisha lifanye jedwali hilo likuamulie. Nauli ikiwa chini ya theluthi ya bei ya bidhaa, endelea. Ikifika nusu, badilisha boksi, umbo au idadi kwenye seti. Ikiizidi bei yenyewe hata baada ya kukunja na kupanga upya, bidhaa hiyo si ya rejareja ya nje: itafutie mnunuzi wa jumla atakayeichukua kwa katoni kwa meli, au iuze hapa hapa nyumbani.